Waya Huu Ulitoka Wapi?

Kitendawili!

Vizuri, mmeitika. Sikilizeni: zamani nilikaa juu ya nguzo nikibeba maneno ya watu, kisha nikalala porini nikinyonga wanyama, leo nimekaa mkononi mwa bi harusi.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Voi? Asanteni, mmenipa mji mzuri. Nimekwenda Voi, nimeshuka kwenye treni, nimekula ndizi zilizoletwa kutoka milima ya Taita, nimekunywa maji ya chemchemi za Mzima. Asubuhi nimekwenda kwa fundi, na jibu lake ni hili: waya.

Leo nawasimulia habari za waya, na za vitu vingine ambavyo watu wa Taita Taveta na majirani zao huviokota vikiwa vimechoka na kuvipa kazi mpya. Mimi nikiona bangili nzuri siulizi bei kwanza. Nauliza ilitoka wapi. Mkinisikiliza hadi mwisho mtajua kwa nini swali hilo nalitanguliza.

Kabla ya reli, mtu aliyetaka kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro alikwenda kwa miguu pamoja na msafara. Akishaiacha Rabai aliingia nyika ya Taru, miiba mitupu na maji hakuna, siku baada ya siku. Wapagazi waliutazama mlima wa Maungu kwa hamu kubwa, kwa sababu huko juu palikuwa na maji kwenye mashimo ya mwamba. Mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alifika mlima wa Kasigau mwezi wa Oktoba 1847, na Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wenyeji walikuwa wameiona theluji hiyo tangu enzi za mababu zao, lakini Ulaya walibishana miaka mingi kabla ya kumsadiki.

Misafara ile ilihitaji chakula, na watu wa milimani walikuwa na mashamba. Malipo yalikuwa vitambaa, shanga na waya. Shanga nyingi zilikuwa za kioo, zilizotengenezwa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji. Waya mnene wa shaba uliitwa masango, na ulibebwa begani ukiwa umeviringwa mizunguko mikubwa. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jinsi wanawake wa Kitaita walivyopenda shanga, wakizivaa shingoni na kiunoni kwa wingi uliowashangaza wageni.

Waya uliofika hivyo ulipelekwa kwa mhunzi. Alikata kipande, akakipasha moto, akakipitisha kwenye tundu la bamba la chuma na kukivuta kwa nguvu upande wa pili. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Kila tundu liliufanya waya mwembamba na mrefu kuliko ulivyokuwa. Majirani zetu Wakamba walipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Walitengeneza minyororo midogo ya urembo, pete moja ndani ya nyingine, na walipamba vigoda vyao kwa kuzamisha nyuzi za waya ndani ya mti. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema kwamba kugeuza vitu kuwa vitu vingine ni jambo jipya, mwambieni kwa heshima kwamba mababu zetu walifanya hivyo kabla mji wa Voi haujawa na kituo cha treni.

Reli nayo ikaja. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa Voi, ikavuka mto Tsavo, na Desemba 1901 vyuma vikafika Ziwa Viktoria. Simba waliowala wafanyakazi pale Tsavo mwaka 1898 mnawajua, msiniombe niwarudie. Nataka mtazame nguzo zilizosimama kando ya reli. Juu yake ulipita waya wa simu, na waya huo ulikuwa mwingi, mzuri, na haukuwa na mlinzi. Reli ilipofika magharibi, Wanandi waliukata wakajifanyia mapambo, na parafujo za reli wakazigeuza silaha. Waingereza walikiita kitendo hicho wizi na kupeleka majeshi mara kadhaa, hadi kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwezi wa Oktoba 1905. Mimi naona neno wizi lilitumika upande mmoja tu. Reli yenyewe ilikuwa imepita katika ardhi ya watu bila idhini yao, na waliojipamba kwa waya ule walikuwa wakipinga jambo kubwa kuliko waya.

Siku hizi hali ni tofauti, na hapa nawaomba mnielewe vizuri. Nguzo za umeme na nyaya zake ni zetu sote. Mtu akikata waya wa stima, zahanati inakaa gizani na chanjo zinaharibika kwenye friji. Mwezi wa Januari 2022 uharibifu wa namna hiyo ulizidi hadi serikali ya Kenya ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Mafundi waaminifu waliumia kwa ajili ya wezi, kwa sababu mafundi wa jua kali huishi kwa vyuma hivyo. Ndiyo maana swali la ulitoka wapi lina uzito.

Kuna chuma kingine ambacho nchi hii iliachiwa bila kukiomba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana hapa hapa, Maktau, Mbuyuni na Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliukabili mlima Salaita wakarudishwa nyuma, na makaburi ya vita hivyo yapo Voi hadi leo. Huko Ulaya askari waliokaa mahandakini walichonga pete na vyombo vya maua kutokana na maganda ya risasi na mizinga, na leo vitu hivyo vimewekwa katika majumba ya makumbusho. Nawaambia habari hiyo kwa onyo. Mkikuta kitu cha vita ardhini, msikiguse hata kama kina kutu. Mwiteni mtu mzima.

Sasa tuingie porini, kwa sababu sehemu chungu ya kitendawili iko huko.

Zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948. Kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katika eneo kubwa kiasi hicho mtu anaweza kuingia na waya mfukoni bila kuonekana na yeyote.

Mtego wa waya ni rahisi mno kuutengeneza. Mwindaji huchukua waya wa mita moja au mbili, hukunja ncha moja iwe jicho dogo, hupitisha ncha ya pili kwenye jicho hilo, akapata tanzi linalokaza likivutwa. Ncha inayobaki huifunga kwenye shina la mti au kwenye gogo zito. Hutafuta njia ya wanyama, pale nyasi zilipolala kwa kukanyagwa, hasa njia ya kwenda majini, akalitundika tanzi hapo katikati ya vichaka. La digidigi huwa chini, halifiki magoti yenu. La swala pala hupanda juu kidogo. La nyati au twiga ni la kebo nene, na hulijui lipo mpaka umelikaribia.

Mnyama anapoingiza kichwa huhisi kitu kimemgusa shingoni. Angetulia na kurudi nyuma polepole, huenda angetoka. Lakini mnyama akishtuka hukimbia mbele, na kila anavyovuta ndivyo tanzi linavyobana. Mtego haujui ulimtega nani. Uliwekwa kwa ajili ya swala, ukamshika simba, au fisi, au ndama wa tembo aliyekuwa akimfuata mamake. Wengine hukata waya kwa nguvu zao wakaondoka nao, ukiwa umezama kwenye nyama ya mguu, na huishi hivyo hadi madaktari wa wanyama wawapate, wawachome dawa ya usingizi na kuutoa.

Waya wenyewe hutoka wapi? Mwingi ni wa vitu tunavyovitumia kila siku. Ndani ya ukingo wa tairi la gari mna nyuzi za chuma zenye nguvu sana. Tairi likichomwa mpira huisha na nyuzi hubaki kwenye majivu. Nyingine ni kebo za breki za baiskeli na pikipiki, kebo za winchi, na waya wa ua. Baadhi ya watu hutega kwa sababu ya njaa, hasa mvua ikikosa kunyesha au tembo wakimaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Wengine hutega kwa biashara ya nyama. Siwaweki katika kapu moja, ingawa digidigi hafaidiki kwa tofauti hiyo.

Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huingia vichakani kuitafuta mitego hiyo kwa miguu. Tangu 1999 wamesaidiana na vikosi vya Sheldrick Wildlife Trust, ambavyo vimeondoa zaidi ya mitego 100,000. Katika ukanda wa Kasigau, unaoziunganisha mbuga hizo mbili, walinzi wa Wildlife Works hutoka Rukinga kwa kazi kama hiyo. Hutembea wakiwa wameinama, kwa sababu tanzi huonekana vizuri macho yakiwa kwenye kimo cha mnyama. Jioni hurudi na mafungu ya waya uliojikunja na kushika kutu.

Ukitupwa, mtu atauokota autege tena. Ukizikwa, utafukuliwa. Kwa hiyo watu waliofikiri vizuri waliupeleka kwa mafundi. Kule Uganda, katika mji wa Pakwach kando ya mto Nile, karibu na mbuga ya Murchison Falls, vijana wa mradi uitwao Snares to Wares hukunja waya wa mitego wakatengeneza sanamu za tembo, twiga na simba, na watalii huzinunua. Huku kwetu Tsavo nako waya wa mitego umegeuzwa sanamu na mapambo. Nawasifu waliofanya hivyo, na nawasifu zaidi wakifuata sharti moja: waya utoke mikononi mwa walinzi peke yao. Fikirieni kingetokea nini kama fundi angetangaza kwamba ananunua kila mtego unaoletwa. Kabla ya jua kuchwa kungekuwa na watu wanaotengeneza mitego mipya ili wamuuzie.

Sharti la pili linahusu vitu vya porini vyenyewe. Pembe za ndovu, kucha za simba, hata bangili za nywele za mkia wa tembo ambazo wageni walikuwa wakizipenda sana, usizishike hata ukizikuta kwenye mzoga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara hizo. Ujangili haukuisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 tembo wa Tsavo walipungua kutoka makumi ya maelfu hadi kama 6,000. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na kila kipande katika tani hizo kingeweza kuwa bangili au kidani. Ukitaka pambo la pembe, pembe ya ng'ombe ipo. Mafundi wa Nairobi huipata kwa wachinjaji, huichemsha ilainike, huikata, huisugua hadi inang'aa.

Haya, mikono juu ya meza. Tutengeneze bangili.

Kwanza chagueni waya. Ule wa ua, wa kijivu unaong'aa, umepakwa zinki, na ukitiwa motoni hutoa moshi mweupe unaoumiza kifua. Huo tutaukunja hivyo hivyo bila moto. Wa kebo ya breki kuukuu ni mzuri: fungueni msokoto wake taratibu, mtapata nyuzi kadhaa nyembamba. Sugueni kutu kwa mchanga mkavu na kitambaa, kisha kwa msasa, mkienda upande mmoja. Vidole vyenu vitakuwa vyekundu kwa kutu, na hilo ni sawa, mradi hamjikuni macho.

Waya uliokuwa mtego huwa na makunyanzi. Funga ncha moja kwenye msumari uliogongomewa kwenye mti, shika ncha nyingine kwa koleo, uvute ukiupitisha kwenye nguzo laini, mbele na nyuma. Makunyanzi mengi yatanyooka. Lakini mahali lilipokuwa fundo la tanzi pana kona ambayo hainyooki. Nyundo inaipunguza, haiiondoi. Fundi anayeficha kona hiyo hukata kipande kizima na kukitupa. Mimi napenda ile kazi ambayo kona imeachwa ionekane, ikawekwa upande wa nje wa bangili, shanga ikakaa juu yake.

Waya mgumu unahitaji moto, na moto unahitaji mtu mzima. Atautia kwenye makaa hadi uwe mwekundu, kisha ataufukia kwenye majivu upoe wenyewe, pengine hadi asubuhi. Ukipoa polepole unalainika. Ukitumbukizwa kwenye maji ungali mwekundu unakuwa mgumu na mkavu, na ukiukunja unakatika tap! Ni waya ule ule na moto ule ule, tofauti ni jinsi ya kupoa tu. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilikaa nikilifikiria hadi makaa yakazimika.

Huenda mtauliza kwa nini tusiuyeyushe. Sufuria kuukuu ya alumini huyeyuka kwenye digrii 660, na kufuli au bomba la maji la shaba ya manjano huyeyuka kwenye digrii zaidi kidogo ya 900. Fundi mwenye makaa mazuri na mvukuto wa kuvuvia anafika huko, na ndivyo wanavyofanya mafundi wa Kibera: kufuli iliyopoteza ufunguo huyeyushwa, humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ikatoka ikiwa hereni. Chuma cha waya kinataka karibu digrii 1,500. Jiko letu haliwezi. Ndiyo sababu waya tunaukunja na shaba tunaimimina, na ukitazama pambo lolote la kienyeji kwa makini unaweza kujua ni lipi lilikunjwa na ni lipi lilimiminwa.

Sasa zungusha. Mkono wa mtu mzima unahitaji bangili ya sentimita 6 na nusu kati ya ukingo na ukingo, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula zaidi ya sentimita 20 za waya, na mizunguko mitatu inakula 60 na ushei. Uzungushe kwenye chupa ya soda, iliyo nyembamba kuliko bangili unayoitaka, kwa sababu waya ukiuachia unarudi nyuma na kupanuka. Kabla ya kufunga, pitisha shanga. Za karatasi ni rahisi: kata kalenda ya mwaka jana vipande virefu vya pembetatu, vipana upande mmoja na vyembamba mwingine, viringa kwenye njiti kuanzia upande mpana, paka gundi, acha vikauke, kisha paka vanishi. Akina mama wa Uganda wamelipa karo za watoto wao kwa shanga za namna hii. Ncha mbili za waya zipige tupa hadi zipoteze ukali, uzikunje ndani kwa koleo. Jaribu kwa kupitisha kipande cha soksi kuukuu. Ikinasa, bado kuna ncha, na ngozi ya mtu ni laini kuliko soksi. Malizia kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ili kutu isirudi.

Ningependa kuwasimulia akala zinazokatwa kwenye matairi, na koroboi zinazotengenezwa kwa mikebe, na vikapu vya mkonge vya akina mama wa Kasigau. Ningependa pia kuwaambia jinsi watoto walivyohangaika kutafuta kitu cha kutengenezea mpira wa miguu baada ya tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya kwa faini ya hadi shilingi milioni 4. Lakini jua limeshuka na mama zenu wanawasubiri.

Kesho tunatengeneza gari. Kila mmoja alete vizibo vinne vya soda vilivyo sawa, kipande cha ndala iliyokatika kwa ajili ya matairi, na waya mita mbili. Nami nitasimama mlangoni, na kabla hujaingia utaniambia waya wako ulitoka wapi. Usisahau msumari wa kutobolea.